Breki ya nyuma ya pikipiki: inapolegea, inapofunga na inapolia

Malalamiko kuhusu breki ya nyuma yanafanana hapa Uganda, uwe Kisenyi, Busia au huko juu njia ya Kapchorwa. Imelegea. Inafunga gurudumu. Inalia. Imeshika, haitaki kuachia. Na dawa inayoombwa ni ile ile moja: "Fundi, nikazie breki kidogo, abiria ananingoja." Nati ya nyuma inazungushwa mara mbili, dereva anaondoka, na wiki haijaisha amerudi na lalamiko lile lile au baya zaidi.

Nati hiyo ni ya kurekebisha nafasi, haitibu ugonjwa. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, kisha sababu, ile ya kawaida kwanza na ya nadra mwisho. Mengi yanahusu breki ya dramu inayovutwa kwa rodi (shuu zinatanuka na kusugua ndani ya dramu ya chuma inayozunguka na gurudumu), maana ndiyo iliyo nyuma ya Boxer, TVS na pikipiki nyingi za kazi. Wenye diski nyuma wataona lao mwishoni.

Kabla ya yote: unaidai kazi gani?

Ukishika breki, uzito unakimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu, ukiwa peke yako, breki ya mbele inabeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, theluthi mbili au zaidi. Huo ni ukweli wa pikipiki nyingi, za hapa na za kwingine.

Lakini boda haitembei peke yake. Ukipakia abiria wawili, au mikungu ya matoke, au magunia ya mkaa, uzito umekaa juu ya tairi la nyuma, na breki ya mguu inapata nguvu ambayo vitabu vya mafunzo havikuipigia hesabu. Kwenye changarawe na matope ya msimu wa mvua ndiyo ya kuanza nayo: tairi la mbele likiteleza umeshaanguka, la nyuma likiteleza bado una nafasi ya kuachia mguu. Kwenye foleni ya Wandegeya inakushikilia pikipiki mlimani wakati mkono wa kulia uko kwenye mafuta. Ni breki ya mwendo mdogo, mzigo na njia mbaya, na kwa kazi hizo haina mbadala.

Kinachoiua ni kutumiwa peke yake. Wako madereva walioilegeza kabisa waya ya breki ya mbele kwa kuogopa kupinduka, wakabaki na mguu tu. Huyo akilalamika kwamba ya nyuma ni dhaifu, mara nyingi breki ni nzima. Inafanya kazi ya wawili. Kwa hiyo jaribu hivi kwanza: mahali tambarare, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kanyaga ya nyuma peke yake, kisha rudia na zote mbili. Kama zote mbili pamoja zinasimamisha vizuri na ya nyuma peke yake inavuta bila kusita, hakuna ugonjwa. Rudisha breki ya mbele kazini.

Dalili: nakanyaga mpaka chini, pikipiki inaendelea kwenda

Hili ndilo linaloletwa kila siku, na sababu zake ni nyingi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Sababu ya kwanza ni nafasi ya pedeli. Bonyeza pedeli kwa mkono. Kabla ya breki kuanza kushika, ncha ya pedeli inatakiwa ishuke kama sentimita 2 hadi 3. Pikipiki nyingi za kazi ziko hapo. Ikishuka zaidi, kaza nati ya mwisho wa rodi. Itazame nati hiyo kwa karibu: uso wake una mfuo unaokalia kipini cha mviringo. Ukiiachia katikati, mfuo haujakaa kwenye kipini, itajisogeza yenyewe mtikisiko wa kwanza na vipimo vyako vyote vitabadilika. Zungusha nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, usikie imekaa. Kisha inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza.

Kama umebadilisha cheni juzi, umepata jibu bila kutafuta. Cheni mpya ni fupi, gurudumu limesogezwa mbele, rodi imelegea. Vivyo hivyo cheni ikivutwa, gurudumu linarudi nyuma na breki inajikaza. Kila anayegusa cheni anatakiwa aguse na nati ya breki. Mafundi wengi wa pembeni mwa barabara hawafanyi, na dereva hajui kudai.

Sababu ya pili, breki shuu zimekwisha. Huhitaji kufungua gurudumu kujua. Kwenye pikipiki nyingi, penye kikono cha kamu (kipande kinachozunguka na kutanua shuu) upande wa plati ya breki, yaani kifuniko cha dramu kinachobeba shuu, kuna kishale kidogo, na kwenye plati kuna alama. Mwambie mtu akanyage pedeli kwa nguvu, wewe tazama kishale. Kikipita alama, shuu zimekwisha, hata kama nati bado ina nyuzi za kukaza. Pasipo kishale, tazama kikono chenyewe: kikikanyagwa, pembe kati yake na rodi isizidi nyuzi 90. Kikizidi hapo, kila nguvu ya mguu unayoongeza inapotea bure.

Na hapa ndipo penye ujanja ninaoupinga. Shuu zikiisha, fundi anachomoa kikono, anakirudisha kikiwa kimeruka jino moja, na breki inarudi kama mpya. Wengine wanachomeka kipande cha bati kati ya kamu na shuu. Dereva anafurahi, ameokoa shilingi elfu kadhaa. Kilichotokea ndani ni kwamba kamu sasa inazunguka kupita mahali ilipotengenezewa kufika. Siku ukikanyaga kwa hofu, inaweza kusimama wima na isirudi, gurudumu likafunga palepale ukiwa na mama na mtoto mgongoni mwake nyuma yako. Ukinunua pikipiki iliyotumika, chungulia hapo kabla ya kulipa.

Sababu ya tatu, shuu zimeng'aa. Ukifungua na kuona sehemu ya kusugua inameta kama kioo, imeungua juu kwa joto. Unene ukiwa bado wa kutosha, isugue kwa msasa mkavu wa namba 80 mpaka mng'ao uondoke, usugue na ndani ya dramu kidogo, ufute vyote kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize vumbi hilo, wala kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingine, hasa za zamani au zisizojulikana zimetoka wapi, zina asbesto, na vumbi lake likishaingia kifuani halitoki.

Unene wenyewe ukishuka chini ya milimita 2, weka msasa pembeni, nunua mpya.

Sababu ya nne ni grisi au oili. Hutoka kwenye beringi iliyojazwa grisi kupita kiasi, kwenye kamu iliyopakwa kwa ukarimu, au kwa wale wanaoosha gurudumu kwa dizeli na kumwagia oili ya cheni bila kuangalia inakorukia. Shuu ikishanywa mafuta haiponi. Kuosha kwa petroli na kuichoma moto kunatoa mafuta ya juu tu, ya ndani yanarudi ikipata joto. Tupa, tafuta yanakotoka mafuta, safisha dramu, ndipo uweke mpya. Sababu ikiwa ni sili ya beringi iliyokufa, mpe fundi mwenye kifaa cha kutolea beringi. Kuigonga kwa nyundo na bisibisi kunaharibu nyumba ya beringi, na hapo utanunua habu nzima, yaani kitovu cha gurudumu.

Ya mwisho, dramu yenyewe imelika ikawa pana. Ndani yake kuna namba baada ya neno MAX. Hicho ndicho kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Pima kwa kipimo halisi kwa fundi wa mashine ya kukereza, siyo kwa jicho. Ikivuka namba hiyo hakuna shuu itakayoifaa.

Ukibadilisha shuu, angalia ukingo pale sehemu ya kusugua ilipogundishwa kwenye chuma. Ukiona uwazi, au gundi iliyokatika, rudisha dukani hata kama bei ilikuwa nzuri. Ikibanduka ndani ya dramu inajisokota na kufunga gurudumu. Na siku mbili tatu za kwanza shuu mpya zinashika sehemu ndogo tu, bado hazijazoeana na dramu. Usiteremke nazo mlima mkubwa siku hiyo hiyo.

Dalili: ilikuwa nzima, imepotea ghafla

Kuna sababu mbili, na ni rahisi kuzitofautisha.

Umevuka maji? Dramu imelowa ndani. Endesha polepole huku umekanyaga pedeli kidogo tu, joto litaikausha baada ya mita mia chache. Ikikaushwa na bado inateleza, maji yaliingia na matope, fungua usafishe.

Uko mteremkoni? Joto. Barabara ya Kabale kwenda Kisoro, Fort Portal kwenda Bundibugyo, au kushuka kutoka Sipi kuelekea Mbale, mtu anaweka frii au anazima injini kabisa ili kuokoa petroli, na mguu unabaki juu ya pedeli kuanzia juu mpaka chini. Dramu inapata moto, inatanuka na kujitenga na shuu, na shuu zenyewe zikiwa moto zinapoteza msuguano. Pedeli inazama, breki haipo. Dereva anasema breki "imekata," akifika chini ikapoa inarudi, na anasahau mpaka mteremko mwingine.

Mteremko mrefu unashukwa na gia ya pili au ya tatu, injini ikiwaka, ikiizuia pikipiki. Breki zote mbili zinashikwa kwa vipindi na kuachiwa zipoe. Ikishakupotea, shusha gia moja moja, shika ya mbele kwa upole, tafuta upande wa mlima uegemee. Ukisimama, usimwagie dramu maji. Chuma chenye moto kikipigwa na maji baridi hupinda au kupasuka. Kaa nusu saa. Na kama ilifika mahali ikatoa moshi au harufu ya kuungua, kesho yake ifunguliwe, kwa sababu huenda shuu zimeng'aa au gundi imelegea.

Dalili: nikigusa tu, gurudumu linafunga na kuteleza

Mara nyingi ni mguu. Dereva amezoea kukanyaga akiwa na abiria wawili, sasa amewashusha, pikipiki ni tupu, na mguu ule ule unafunga tairi jepesi. Ukiwa mtupu tumia zaidi ya mbele na kidogo ya nyuma.

Halafu tazama tairi. Kipara kwenye lami iliyolowa kitafunga kwa breki yoyote. Tazama pia unavyoshusha gia: ukishuka kutoka ya nne hadi ya pili na kuachia klachi kwa ghafla, injini ndiyo inayofunga tairi, breki inasingiziwa.

Vyote hivyo vikiwa sawa, inua gurudumu, kanyaga, achia, zungusha. Likishika ghafla badala ya kushika taratibu, kuna kutu ndani ya dramu baada ya pikipiki kukaa bila kazi siku nyingi, au ncha za shuu zina kingo kali, au shuu imebanduka. Kutu kidogo huondoka kwa msasa.

Kuna jambo moja hapa la kusimamisha safari. Plati ya breki haijashikwa na ekseli peke yake. Kuna upau wa chuma unaoifunga kwenye mkono wa nyuma wa pikipiki, ule unaobeba gurudumu, ili isizunguke na gurudumu. Boliti yake ina nati, na nyuma ya nati kota pini. Baada ya kubadilishwa tairi pembeni mwa barabara, pini hiyo ndiyo inayosahaulika chini kwenye vumbi, na mahali pake unakuta msumari, waya, au patupu. Boliti ikitoka, ukikanyaga breki plati inazunguka, rodi inajisokota, gurudumu linafunga. Upau ukiwa hauna boliti kamili, usipande pikipiki hiyo hata kufika steji. Isukume.

Dalili: breki imeshika, haiachi, habu ni ya moto

Pikipiki inakuwa nzito, mafuta yanaisha upesi, na ukisogeza kiganja karibu na habu (usiiguse) unasikia joto kali kuliko la mbele.

Nati imekazwa kupita kiasi, au cheni imevutwa na nati haikulegezwa. Hilo ni la kwanza. Rudisha nafasi ya pedeli. Wapo wanaoiweka breki "juu" makusudi ili ishike upesi. Shuu zinasugua siku nzima na kwisha kabla ya wakati.

Kama nafasi ipo lakini pedeli inarudi kivivu, kuna kukauka mahali. Chini kwenye mhimili wa pedeli hujaa matope ya barabarani. Osha, tia oili. Angalia springi ya pedeli na ile ya kwenye rodi kama zipo na zinavuta. Baada ya hapo ni kamu yenyewe, ile inayopita kwenye plati: huota kutu, ikifunguka hairudi. Inatolewa, inasuguliwa, inapakwa grisi nyembamba ya joto kali. Nyembamba. Kumbuka habari ya shuu kunywa mafuta.

Kipimo ambacho wachache wanakifanya: ukimaliza kurekebisha, kaeni wawili juu ya pikipiki, mtu wa tatu aisukume. Shokabu zikishuka, mkono wa nyuma unabadilisha pembe na rodi inaweza kujivuta au kujilegeza. Breki iliyorekebishwa pikipiki ikiwa tupu inaweza kushika ikipakiwa. Sisi tunaopakia, tuirekebishe kwa mzigo.

Dalili: inalia

Mlio mwembamba asubuhi ambao unapotea baada ya kukanyaga mara kadhaa ni unyevu na vumbi. Achana nao. Mlio mwembamba wa kudumu ni mng'ao au vumbi lililoganda. Fungua, safisha, piga msasa.

Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni jambo lingine kabisa. Shuu zimekwisha na chuma chake, au ripiti zake, kinachonga dramu. Kila kituo unachosimama unalipia dramu badala ya shuu. Simama, usisubiri jioni.

Kelele ya "tok" moja unapokanyaga na nyingine unapoachia inatoka kwenye upau wa plati uliolegea au beringi. Rudi kwenye jambo la boliti.

Dalili: pedeli inadunda mguuni

Dramu si ya mviringo tena. Spoki zilizolegea au kukazwa upande mmoja huivuta dramu, shimo kubwa barabarani hufanya hivyo hivyo. Gonga spoki moja moja kwa spana: zinazolia zimekaza, inayotoa sauti iliyokufa imelegea. Shika tairi juu na chini ulitikise kando. Likicheza ni beringi. Kukaza spoki mwenyewe bila stendi ya kunyooshea rimu kwa kawaida kunaharibu zaidi. Hili mpelekee fundi wa rimu, na kama dramu inahitaji kukerezwa, asivuke ile namba ya MAX.

Dalili: taa ya breki haiwaki, au haizimi

Dogo, lakini gari lililo nyuma yako usiku njia ya Jinja linaiangalia hiyo tu. Shika breki ya mbele: taa ikiwaka, balbu ni nzima na shida ni swichi ya mguu. Swichi hiyo inaning'inia karibu na pedeli, imevutwa na kispringi. Shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati yake: swichi ikipanda juu taa inawaka mapema, ikishuka inachelewa. Ukizungusha mwili wenyewe unasokota waya na kuzikata. Kispringi kikiwa kimekatika, mpya ni bei ndogo. Na kila ukibadilisha nafasi ya pedeli, taa nayo irekebishwe.

Wenye diski nyuma

Pedeli ikiwa laini kama inakanyaga sponji, kuna hewa kwenye mpira wa kupitishia mafuta ya breki, au mafuta ya breki yameisha. Tazama kikombe cha mafuta kwanza. Kikiwa chini ya alama, tazama pedi kabla ya kuongeza: pedi zikilika mafuta hushuka yenyewe, na ukijaza leo, siku ya kuweka pedi mpya yatamwagika. Pedi zikiwa nene na mafuta yamepungua, kuna mahali panavuja, na hapo hakuna safari.

Weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Kwa sababu hiyo hiyo yanabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi hata kama breki haisumbui. Oili ya injini isiingie humo hata tone: inavimbisha mipira ya ndani, na pistoni ikishakwama utabadilisha mfumo mzima. Kutoa hewa kunafanywa na aliyewahi kufanya, akiwa na mpira safi na subira. Baada ya kazi hiyo, kabla ya kuondoka gereji, kanyaga pedeli na uishikilie kwa nguvu hadi dakika moja. Ikizama polepole chini ya mguu, usiondoke. Mwambie fundi afungue tena.